Saruji ya Daraja la Nkwini

Tulimzika fundi Mbonea kule Vudee siku ya Jumamosi, katika ukungu mzito kiasi kwamba waliosimama upande wa pili wa kaburi niliwatambua kwa sauti tu. Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akajenga ukuta wa kanisa na nyumba nyingi za watu waliokuwapo pale, "na katika ujana wake aliwahi kufanya kazi ya serikali." Sentensi hiyo ilipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye ugomvi. Baadaye, tulipokuwa kwenye mabenchi tukila wali wa msiba, mjukuu wake mmoja anayefundisha shule huko Ndungu alikuja akachutama mbele yangu. "Shikamoo babu." Nikamwitikia. Akasema, "Wewe ulikuwa naye kwenye daraja lile. Ni kweli babu alifukuzwa kwa kuiba saruji? Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo." Nilimwambia si kweli, hakuiba hata kiganja kimoja. Akashukuru, akaenda kugawa chai. Nilimjibu ukweli, ila nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba aliyesimama mbele ya wakubwa siku ile na kutamka maneno yaliyomfukuzisha kazi ni mimi, na hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu wa nyumba yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya ujenzi pale Same, Mpare wa Msangeni niliyeshuka milimani kwa sababu najua kupiga taipu na Kiingereza changu hakichechemei sana. Waingereza walikuwa bado wenye nchi, na hakuna aliyekuwa akisema kwa sauti kwamba wataondoka. Mwaka huo aliletwa kutoka Dar es Salaam Bwana Garrick, mzungu mwembamba mwenye kikohozi, akiwa na swali moja: kwa nini barabara na madaraja ya serikali yanagharimu kupita makadirio, na kwa nini hili la mto Nkwini, kwenye barabara ya kupanda Vudee, liligharimu karibu mara tatu. Daraja lenyewe lilikuwa limekwisha miezi michache kabla hajafika. Alipewa mwaka mmoja, chumba kimoja nyuma ya ofisi yetu, na mimi. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyofanyia kazi: bati lilipasuka kwa joto saa za mchana, upepo wa Same ukisukuma vumbi jekundu chini ya mlango mpaka likalala juu ya karatasi, nasi tukilipuliza kabla ya kusoma. Dirishani tuliiona milima ya Upare, ya kijani na ya baridi, wakati sisi tulikuwa tunakunywa maji ya vuguvugu kwenye chupa.

Bwana Garrick alitaka kujua mambo kwa macho yake, akanituma niishi Vudee wiki mbili katika kila mwezi, niongee na waliojenga, nipime, niandike. Nilipokewa nyumbani kwa Mbonea, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mwashi na nyapara wa daraja, mtu aliyenizidi kama miaka kumi, mfupi, mwenye mikono mipana iliyochanjwa na mawe. Nilimwita kaka, na mkewe Nanzia nikamwita shemeji. Walinipa chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Kilikuwa na harufu ya magunzi na moshi, na kati yake na chumba chao palikuwa na ukuta wa fito na udongo usiofika juu. Jioni tulikula makande, na Jumapili ndizi zilizopikwa na nyama pale nyama ilipopatikana. Nanzia alikuwa na tabia ya kunipakulia kwanza, kisha kusimama akinitazama nikila kijiko cha kwanza. "Karani, unaandika nini siku nzima?" aliniuliza wiki ya kwanza. Nikasema ninaandika kwa nini daraja lilikuwa ghali. Akacheka kidogo. "Si wangeniuliza mimi? Mume wangu alilijenga mara tatu."

Ndiyo ilivyokuwa, na sikuhitaji muda mrefu kuthibitisha. Misingi miwili ya kwanza ya nguzo ya kati ilisombwa na maji. Ramani ilitaka msingi wa futi sita, na futi sita pale Nkwini ni mchanga na kokoto tu. Ramani hiyo, nilikuja kugundua, ilinakiliwa kutoka daraja la mto mwingine wa tambarare, mto mpole ambao mhandisi aliyeichora aliwahi kuufanyia kazi. Mbonea aliandikisha barua kuomba achimbe zaidi. Jibu lilichukua miezi miwili na lilikuwa na maneno mawili: fuata ramani. Hayo yalikuwa ya mtoni. Mengine niliyakuta kwenye stesheni ya reli pale Same, ambako saruji ililala wiki tatu chini ya turubai bovu kwa sababu mwenye mamlaka ya kutia saini alikuwa safarini, na mvua ikaigeuza nusu yake kuwa mawe. Mengine niliyasikia kwa vibarua. Wengi wao walikuwa watu wasio na pesa ya kodi, wanaolipa kwa jasho, mwezi mmoja mmoja. Kila mwezi walipoanza kujua kuchanganya mchanga na saruji, muda wao uliisha, wakaja wapya wasiojua kushika koleo. Na kulikuwa na jambo ambalo Bwana Garrick alilipigia mstari mara mbili kwenye daftari lake: kila mtu aliyefanya makadirio, kuanzia mshika stoo hadi mhandisi mwenyewe, aliongeza kidogo juu ili asije kulaumiwa, na aliyempelekea akaongeza kidogo chake. "Hakuna mwizi hapa, Eliakimu," aliniambia siku moja, akifurahi kama mtu aliyepata njia porini. "Kuna watu wanaosubiri na watu wanaoogopa. Hivyo viwili ndivyo vinavyokula fedha." Nilirudi Vudee siku hiyo nikiamini tunafanya kazi ya maana.

Mambo yaligeuka mwezi wa saba wa uchunguzi. Mhandisi wa jimbo alifika Same. Alikuwa mzungu mkubwa mwenye shingo nyekundu, na ndiye aliyechora ramani ya Nkwini. Walijifungia na Bwana Garrick katika chumba kile, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta wa mbao nikinakili. Mbao ile haikuzuia kitu. Mhandisi alisema kwamba ripoti ya namna hiyo, inayosema tatizo ni saini na barua na woga, itawafanya wakubwa wacheke, kisha wakasirike. Alisema mahali fedha zinapopotea pana mtu aliyezichukua. Akasema amepitia hesabu za stoo ya Nkwini, na mifuko thelathini ya saruji ilitoka stoo lakini haipo kwenye daraja: ukipima nguzo na kuta zote, saruji inayohitajika ni pungufu ya iliyotolewa. "Muulize fundi wako aliiuza wapi," alisema. Nilimsubiri Bwana Garrick aseme neno. Alikohoa, kisha akasema atamwita Mbonea aje ajieleze Jumatatu ya wiki ya tatu ya mwezi ule.

Nilipanda Vudee nikiwa na barua ya wito mfukoni. Sikuitoa siku ile. Nilikuwa na homa, na asubuhi iliyofuata, baada ya kuaga kwamba ninakwenda mtoni, nilishindwa nikiwa njiani, nikarudi na mvua, nikaingia chumbani kwangu kwa mlango wa nyuma na kulala chini ya blanketi. Hawakujua kwamba nimo. Nikamsikia Nanzia upande wa pili wa ukuta. "Wamehesabu saruji. Mke wa mshika stoo amenieleza. Watakuja kuuliza." Mbonea akajibu taratibu, "Watauliza. Nitasema ililowa." "Iliyolowa si huwa inabaki mawe? Mawe yako wapi?" Nanzia akaendelea, "Waambie iko chini ya nguzo. Waambie ulichimba mpaka mwambani. Ni dhambi gani kuchimba?" Hapo Mbonea akapandisha sauti, mara moja tu katika mwaka wote niliokaa nao. "Na siku zile nilizoandika kwamba watu walikuwa wakiondoa maporomoko barabarani? Wale kumi na wawili watasema walikuwa wapi? Siku zao za kodi zitafutwa. Watarudishwa kazini au kifungoni, na mashamba yao je?" Nililala pale nikiunganisha niliyoyasikia. Mara ya tatu, basi, hakufuata ramani. Alikuwa amechimba kwa siri, akaficha siku za kazi katika daftari la mahudhurio, akaimwaga saruji ardhini ambako hakuna jicho lingeiona, ili daraja lisimame.

Nilivumilia siku mbili bila kusema. Nilikula chakula chao nikitazama bakuli. Siku ya tatu nilimkuta Mbonea nyuma ya nyumba akinoa mtaimbo, nikampa barua, nikamwambia nilisikia yote. Hakukasirika. Alisoma barua polepole, akaikunja vizuri. "Wewe ndiye utakayetafsiri?" Nikasema ndiye mimi, kwa sababu Bwana Garrick hajui Kichasu, lugha yetu ya Upare, na Kiswahili chake ni cha kuagizia chai. "Basi nitasema kwa Kichasu," alisema, "na wewe utasema ninachosema. Nitasema saruji ililowa, nikaitupa mtoni. Ni uzembe, si wizi. Watanitoza faini." Nilimwambia hawatamwamini, mhandisi anataka mwizi, watampeleka mahakamani. "Mdogo wangu," alisema, "hilo ni langu. Wale wanaume walinifuata kwa sababu niliwaambia hakuna atakayejua. Nisipowaficha mimi, nani atawaficha?" Akaendelea kunoa. Nilisimama pale mpaka nikaona nimekuwa kama mti, nikaondoka bila kuahidi kitu, naye akadhani nimeahidi.

Jumatatu ile chumba kilikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, jagi la maji na bilauri tatu. Nyuma ya meza walikaa mhandisi, Bwana Garrick na ofisa mmoja wa wilaya aliyekuwa akipangusa jasho la shingo. Mbonea alisimama, mimi kando yake. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na joto lile la Same, baada ya baridi ya Vudee, lilimfanya alowe mgongo mzima. Mhandisi aliuliza mifuko thelathini iko wapi. Nikatafsiri. Mbonea akajibu kwa Kichasu kama alivyosema atajibu: ililowa, iliganda, aliitupa. Nikalisema hilo kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mhandisi akatabasamu. Aliuliza kwa nini basi mshika stoo hana kumbukumbu ya saruji iliyoganda mwezi ule, na kwa nini mfanyabiashara mmoja wa mjini alipata kujenga na kusakafia ghala jipya wakati huohuo. Nikatafsiri. Nikauona uso wa Mbonea ukibadilika, maana jambo la ghala hakulitegemea. Ofisa wa wilaya akamwambia mwenzake, kana kwamba sisi wawili hatupo, kwamba kwa kiasi hicho cha mali ya serikali ni miaka mitatu, pengine minne. Hilo sikutakiwa kulitafsiri. Mbonea aliendelea kusema, kwa sauti ya chini, kwamba ni yeye peke yake aliyeitupa, ni uzembe wake, anaomba radhi. Wote watatu wakanigeukia kusubiri.

Nimejiuliza maisha yangu yote kilichonisukuma. Wakati mwingine nasema ni kumpenda. Wakati mwingine nadhani ni kiburi cha mtu aliyesoma, anayejua lililo jema kwa mwenzake kuliko mwenyewe. Nilisema kwa Kiingereza: "Anasema saruji iko chini ya nguzo ya kati. Anasema msingi wa futi sita ulikuwa umesombwa mara mbili, kwa hiyo alichimba mpaka mwambani. Anasema mkachimbe mwone." Mbonea hakujua Kiingereza, lakini alijua urefu wa maneno yake na urefu wa maneno yangu. Aligeuka akanitazama. Bwana Garrick naye aliniangalia, na nadhani alielewa mara moja, kwa sababu aliinamisha kichwa na kuandika. Mhandisi shingo ilimzidi wekundu. "Nani alimruhusu?" aliuliza.

Walichimba wiki ileile, kabla ya mvua kubwa kuanza. Mto ulizuiwa kwa magunia ya mchanga, na vibarua wakashuka na majembe kando ya nguzo, mhandisi akiwa amesimama juu na kofia yake. Futi sita zikapita, mawe na saruji vikaendelea kushuka. Nane. Tisa. Walipofika futi kumi na moja mtaimbo ukagonga mwamba, na sauti yake ikawa tofauti kabisa, nyembamba, kila mtu akaisikia. Bwana Garrick alishuka mwenyewe na kamba ya kupimia, akapanda akiwa na tope mpaka kiunoni. Mbonea alikuwa amekaa juu ya jiwe mbali kidogo, hata hakuja kutazama.

Wizi ukafutwa, basi. Lakini kilichobaki kilitosha. Mbonea alifukuzwa kazi kwa kukaidi ramani na kwa kuandika uongo katika daftari la serikali, na mshahara wake wa miezi miwili ukashikiliwa. Wale wanaume kumi na wawili siku zao zilifutwa, kama alivyosema. Tisa walirudi kuvunja mawe mwezi mzima, wakati wenzao wakipanda mahindi. Watatu walikwishaondoka kwenda mashamba ya mkonge, wakaletwa chini ya ulinzi. Mmoja wao, Kajiru, mke wake alijifungua yeye Kajiru akiwa lokapu ya Same, na mtoto hakuishi. Sisemi kwamba baba angekuwapo nyumbani, mtoto angeishi. Ninasema tu kwamba mama yake Kajiru alinikuta njiani na kuni kichwani, nikamwamkia shikamoo, akapita bila kuitikia, na wengine baada yake wakafanya hivyohivyo. Katika milima ile, mkubwa asipoitikia shikamoo, umekwisha kuhukumiwa.

Ripoti ikaandikwa. Bwana Garrick alinisomea, mimi nikapiga taipu, nakala tatu kwa karatasi za kaboni. Sura ya saini ilikuwa imepungua ikawa aya. Sura ya woga haikuwapo. Ya daraja la Nkwini ilisema hivi: gharama zilipanda kwa sababu ya mafundi wenyeji kutofuata ramani, kuchimba kupita kiasi kilichohitajika, na kuficha kazi. Niliacha kupiga. Nilimwuliza, "Bwana, na ile misingi miwili iliyosombwa?" Hakuniangalia. Alisema ameandika ripoti mbili kabla ya hii na zote zilirudishwa. Alisema wanataka jina la mtu, na angalau sasa mtu huyo hayuko jela. "Kwa hilo unastahili sifa wewe," alisema, akamaanisha wema. Nikamaliza ukurasa bila kosa hata moja. Mwezi uliofuata niliongezewa mshahara.

Nilipanda Vudee mara ya mwisho kuchukua sanduku langu. Nilidhani nitalikuta nje. Nanzia alikuwa ameliweka kitandani, akalifunga kwa kamba, na jikoni palikuwa na makande motoni. Akanipakulia kwanza kama zamani, ila hakusimama kunitazama nikianza kula. Mbonea alikula nasi. Nilitafuta namna ya kuanza, nikasema, "Kaka, nilisema vile kwa sababu wangekufunga." Akatafuna, akameza. "Ungenifungisha mimi," alisema, "ningetoka. Mtoto wa Kajiru hatoki." Nikamweleza yaliyoandikwa kwenye ripoti, yote, maana niliona nimemficha ya kutosha. Alisikiliza akiwa ameshika bakuli kwa mikono miwili. Nilitegemea atatukana, au atacheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Kina cha msingi wamekiandika?"

Nikasema hapana. Imeandikwa kwamba alichimba kupita kiasi. Kiasi chenyewe hakikutajwa, wala mwamba haukutajwa.

Aliweka bakuli chini. "Daraja halidumu milele," alisema. "Siku moja watajenga tena pale. Watachukua karatasi yenu, watasoma futi sita, watachimba futi sita. Mto utachukua tena, na safari hiyo pengine watu watakuwa juu yake." Akainuka akatoka, akaniacha na Nanzia, ambaye alichukua bakuli langu likiwa bado na chakula.

Niliteremka Same kwa miguu siku ileile, nikifikiri njia nzima kwamba zile nakala zitapelekwa stesheni Jumatano. Jumanne, Bwana Garrick alipokwenda kula mchana, niliitoa ripoti kwenye bahasha. Chini ya ukurasa wa tisa palikuwa na nafasi ya mistari miwili. Niliingiza karatasi ya kwanza kwenye mashine, nikailinganisha na mistari ya juu kwa kucha. Nje nilisikia hatua za askari wa zamu, zikaja mpaka mlangoni, zikasimama, kisha zikaenda. Nikapiga: Nguzo ya kati, kina cha msingi futi kumi na moja, hadi kwenye mwamba, kisipunguzwe. Nikafanya hivyo kwa nakala ya pili, na ya tatu. Kisha nikazirudisha, nikafunga bahasha, nikaketi nikisubiri kuitwa.

Sikuitwa. Hakuna aliyeuona mstari ule, au aliyeuona hakujali. Mbonea sikumwambia. Nilimkuta mara nyingi miaka iliyofuata, sokoni na misibani, nikamsalimu, naye akaniitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia asiyemjua vizuri.